Fundi Yupo

Ukifika Lundo na karatasi mkononi ukauliza kama fulani yupo, utajibiwa yupo. Hata kama fulani amepanda Mbinga kuuza mchele na hatarudi kabla ya Jumatano, yupo. Hata kama amefungwa Songea miezi sita kwa ugomvi wa pombe, yupo, atakuja. Mtu wa Lundo anaweza kukuzidishia bei ya dagaa wa usipa bila kupepesa jicho, lakini kwenye hili hakudanganyi hata kidogo. Ndivyo linavyojibiwa swali hilo kwao, na mwenye kosa ni aliyesahau kuuliza yupo wapi.

Eunice hakuyajua hayo. Alikuwa mtu wa Singida, amepangiwa kazi Songea mwaka uliopita, na ziwa aliliona kwa mara ya kwanza siku ileile aliyoteremshwa barabarani na begi lake na kishikwambi cha serikali. Alikuja kufanya tathmini. Vijiji vya mpakani vilivyoguswa na vita vya jirani zetu wa Msumbiji vilitakiwa viulizwe: mna mafundi gani, mnakosa mafundi gani, kazi ziko wapi, vijana wafundishwe nini. Kulikuwa na chuo kidogo cha ufundi kinachosubiri kujengwa, cha kutwa, kisicho na bweni, na majibu yale ndiyo yangesema kijengwe wapi.

Mtathmini hatembei peke yake, lazima apewe mwenyeji. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Tadei, hakufikiri mara mbili. Akamwita Kunigunda, mjane wa miaka hamsini na minne, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani kigangoni, mwanamke anayejua kila mlango wa Lundo na kila mbwa anayelala mbele ya mlango huo. Kunigunda alikubali kabla hajaambiwa habari ya posho, maana alikuwa na sababu yake. Binti yake Stella alikuwa na miaka ishirini, amemaliza kidato cha nne, na alichokitaka duniani ni kuwa fundi umeme. Chuo kikijengwa Lundo, Stella angesoma na kurudi nyumbani kila jioni. Kunigunda aliomba hilo kila asubuhi, na siku nyingine alimkumbusha Mungu mchana pia.

Walianza kwa Kunigunda mwenyewe, ili majirani waone kwamba kishikwambi hakiumi.

"Mama Augustino," alisema Eunice, kwa kuwa ndivyo kijiji kizima kilivyomwita Kunigunda, "katika kaya hii kuna mtu mwenye ujuzi wa ufundi?"

"Yupo."

"Ujuzi gani?"

"Uashi. Ni huyo Augustino, mwanangu wa kwanza."

"Ana umri gani?"

"Thelathini na mmoja."

Augustino alikuwa na miaka ishirini na saba alipoondoka. Mama yake alimwongezea mmoja kila mwisho wa Agosti, siku ya mtakatifu somo wake, kwa sababu hakuona ni kwa nini mtoto aache kukua eti yuko mbali.

"Na yupo?"

"Yupo," alijibu Kunigunda.

Eunice akabonyeza, wakaenda nyumba ya pili.

Sasa hapa nieleze kidogo, maana mgeni atadhani watu hawa wana kichaa. Wazazi wa nusu ya Lundo walivuka mto Ruvuma wakikimbia vita vile vya zamani, Msumbiji ilipopigana na Mreno. Walipofika walipangwa mstari, karani akasoma majina, na aliyeitika ndiye aliyepimiwa unga. Asiyekuwepo na lake halipo, karani alipenda kusema hivyo, na alikuwa mtu wa neno lake. Basi wanawake wakajifunza. Mume yuko msituni na bunduki, lakini jina lake likisomwa, mke anaitika: yupo. Mtoto ameachwa kwa bibi ng'ambo, yupo. Unga ulikwisha, karani akaenda zake, amani ikaja, jibu likabaki. Likabaki na kuota mizizi mingine kabisa. Neno "hayupo" likaachiwa marehemu peke yao. Ukimtamkia mtu aliye hai ni kama umemsukuma kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna mama wa Lundo atakayemsukuma mtoto wake kwa sababu tu serikali imeuliza.

Ndiyo maana nyumba ya pili fundi seremala alikuwepo. Nyumba ya tatu waashi walikuwepo wawili. Nyumba ya tano palikuwa na fundi bomba, na mama yake alimsifia mpaka Eunice akaomba namba yake ya simu, kwa kuwa choo cha nyumba aliyopanga kilikuwa kinavuja. Mama yule akaitaja namba bila kusita. Eunice alipiga jioni ile, na sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani.

Kunigunda alitembea kando yake akisikia yote. Yeye aliwajua wote hao. Aliwaona wakipanda malori mawili asubuhi moja ya Februari, wanaume ishirini na watatu wa Lundo, wanacheka, wana vifaa vyao kwenye viroba. Vita vya safari hii vilikuwa mbali, kule pwani ya Msumbiji, na vilipotulia kidogo wakandarasi walikuja kutafuta mafundi wa kujenga upya shule na zahanati zilizochomwa. Hakuna mafundi wa kutosha kule, walisema. Waliokuwepo wamekimbia au wamezikwa. Vijana wa Lundo walikuwa na mikono, na Lundo haikuwa na kazi ya kuwatosha. Walikwenda, na wengine wengi wakawafuata kwa malori ya baadaye. Miezi minne simu zilikuja. Kisha wale wenye bunduki wakatoka tena msituni na mapangoni mwao, na ghafla simu zikakoma, zote kwa wiki moja. Wawili tu ndio waliorejea, kwa miguu, wamekonda. Hawakusema walichokiona na hawakukaa. Walihamia Mbeya.

Hakuna maiti iliyoletwa, hakuna barua. Kwa hiyo wote walikuwepo.

Nisikufiche, Kunigunda alimtamani mwanawe kwa namna iliyomtia aibu. Wanawake wa umri wake hutamani wajukuu, yeye alitamani kulisikia jitu zima la miaka thelathini na mmoja likilalamika kwamba mboga haina chumvi. Alitamani kufua shati lililokauka saruji kwenye kola. Kila alipomwona njiani mwanamume kwa nyuma, mabega mapana kama ya Augustino, mkono wa kushoto mbele kidogo kuliko wa kulia, miguu yake ilikwenda haraka yenyewe kabla akili haijaikataza. Kila mwezi alipeleka nia ya misa kwa katekista, na katekista alimwandika Augustino penye wasafiri. Padri akija alisoma jina lile katikati ya wagonjwa na wanafunzi wa mitihani, na Kunigunda alishusha pumzi kama mtu aliyepewa habari njema.

Baada ya siku nane kazi ikaisha, na watu wakaitwa ofisi ya kata kusomewa mrejesho. Eunice alisimama mbele amevaa gauni lake la heshima.

"Ndugu zangu, niwapongeze," alisema. "Kwa vijiji vyote vya mwambao nilivyopita, hakuna kinachowafikia kwa mafundi. Kitongoji hiki peke yake kina waashi thelathini na wanane, maseremala kumi na wanne, mafundi umeme tisa, na mafundi bomba watano."

Mzee Tadei alipiga makofi. Hakuna mtu asiyependa kusifiwa, na Mzee Tadei alipenda kuliko wengi. Wawili kati ya wale thelathini na wanane walikuwa wanawe.

"Kwa maana hiyo," Eunice akaendelea, na sauti yake ikapungua, "Lundo ina ziada ya mafundi. Pendekezo linaloonekana ni kwamba chuo kijengwe juu milimani, Matiri, ambako upungufu ni mkubwa. Takwimu nitazifunga keshokutwa, Ijumaa jioni."

Makofi yakakatika katikati. Watu walitazamana. Walikuwa wameshinda na wameshindwa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyejua auweke wapi uso wake. Nyuma kabisa, Stella aliinuka akatoka bila kuaga.

Kunigunda alimkuta nyumbani anakunja nguo. Alikuwa ameliweka begi juu ya kitanda, lile begi la shule lenye zipu iliyoshonwa kwa uzi mweusi.

"Unakwenda wapi?"

"Emiliana amenipigia kutoka Songea." Emiliana alikuwa binamu yake, mpishi wa mkandarasi. "Wanachukua watu tena kwenda ng'ambo. Safari hii wanachukua na wasichana, wanawafundisha umeme hukohuko kazini. Gari linaondoka Songea Jumamosi."

"Ng'ambo wapi?"

"Mama, wewe unajua ng'ambo wapi."

Kunigunda aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Kwa muda alitafuta maneno ya Kiswahili, akayakosa, akasema kwa Kinyasa kwamba haiwezekani.

"Matiri siwezi," alisema Stella. "Chuo hakina bweni, na nyumba ya kupanga sitaimudu. Hapa nitafanya nini? Nitatengeneza redio za majirani kwa asante mpaka lini? Na huko nikifika nitamtafuta kaka."

"Utamtafuta wapi, mwanangu? Nchi ya watu kubwa vile."

"Nitauliza. Wewe si kila siku unasema yupo?" Hakusema kwa kejeli, alikuwa anasema kitu alichokiamini. "Kama yupo, nitamkuta."

Jibu lilikuwa la mama mwenyewe, na sasa binti alikuwa amelishika mkononi. Kunigunda alitoka nje akachukua ungo, akaanza kupepeta mchele ambao alikwishaupepeta jana.

Alhamisi Eunice alikuja kuaga, akamkuta Kunigunda bado na ungo wake. Alikuwa na uso wa mtu anayejumlisha hesabu na haikubali. Hakuingia ndani, alisimama uani akiitazama nyumba iliyokuwa pembeni ya ile wanayoishi, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokomea kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha. Ilikuwa na kuta, madirisha matupu na matundu ya milango, haina paa. Majani yalikuwa yameota sebuleni.

"Mama Augustino, nyumba hii ina muda gani?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na mvua zinakuja mwezi ujao. Kwa nini hamjaimalizia?"

"Nyumba ina fundi wake," alisema Kunigunda. "Augustino aliianza, ataimaliza. Nikiweka fundi mwingine, yeye akirudi nitamwambia nini?"

"Nimezihesabu za namna hii," alisema Eunice polepole. "Kumi na saba. Zote zimeishia kwenye lenta. Leo asubuhi nimepita shuleni, choo kipya kinajengwa na mafundi kutoka Mbinga, wanalala darasani. Waashi thelathini na wanane, mama, na mnaazima watu Mbinga wa kujenga choo." Alimgeukia Kunigunda. "Akirudi kutoka wapi?"

Kunigunda aliendelea kupepeta. Mikono ilikwenda, macho hayakuinuka.

"Mimi nilisema nimezaliwa Singida, sikusema nimezaliwa jana," alisema Eunice, bila hasira. "Lakini siwezi kuandika ninachokikisia. Kaya inaweza kubadilisha jibu lake mpaka kesho jioni, ila iseme yenyewe. Mimi siwezi kuwasemea." Akaondoka bila kunywa maji aliyokaribishwa.

Mchana ule Kunigunda alikwenda ziwani kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Wanawake walikuwa wanaanika usipa kwenye vichanja, wakampisha njia na kumsalimu, Mama Augustino, habari za huko, naye akaitika salama. Kila salamu ilimtaja mwanawe. Akawaza: nikilisema lile neno, nitabaki nikiitwa nani? Halafu akawaza juu ya Stella kwenye lori, na kiroba, na kucheka kule. Alikuwa amemshikilia mmoja kwa neno miaka mitatu na nusu. Neno lilelile sasa lilikuwa linamsindikiza wa pili hadi Songea, linampandisha gari, linamfungia mlango. Alitamani awepo mtu wa kumlaumu. Alimtafuta, hakumpata, akajitwika ndoo yake.

Ijumaa asubuhi, kabla Stella hajamaliza kupiga pasi, Kunigunda alimpigia Eunice simu. Eunice, aliyekuwa bado hajapanda gari, alikuja mbio, kilemba hakijakaa sawa. Kunigunda alikuwa ametandika mkeka uani, amevaa sketi ya Jumapili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Fungua hicho kishikwambi chako uniulize upya."

Eunice alikaa. Vidole vyake vilitafuta kaya namba moja. Alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma mbele ya mgonjwa.

"Fundi uashi, Augustino. Yupo?"

Kulikuwa na upepo kidogo kutoka ziwani. Upande wa pili wa wigo Hildegardi, mke wa Mzee Tadei, alikuwa anachanja kuni. Stella alikuwa amesimama mlangoni na pasi ya mkaa mkononi.

"Hayupo," alisema Kunigunda.

Shoka likanyamaza upande wa pili wa wigo.

Eunice alibonyeza, na swali jipya likatokea, maana mashine hizo ukizipa jibu zinataka lingine. "Tangu lini?"

Hapo ndipo nilipotegemea asite, na ningekuwa mimi ningesita. Kunigunda hakusita.

"Mwezi wa sita, tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi. Alipiga simu akauliza kama mpunga wote umeshaingia ndani. Nikamwambia bado wa bondeni. Akasema atapiga tena jioni. Miaka mitatu, miezi minne na siku tano leo."

Eunice aliandika. Alirudia tarehe mara mbili. "Kinauliza sababu, mama. Amehama, yuko masomoni, amefariki, au haijulikani."

"Hiyo iache."

"Hakiniruhusu kuruka."

Kunigunda alikitazama kile kioo kidogo kana kwamba kina adabu mbaya. "Weka haijulikani," alisema. "Sijui, mwanangu. Weka kwamba mama yake hajui."

Ikabonyezwa. Stella aliiweka pasi chini, akaiweka vibaya, mkaa ukamwagika, na hakuna aliyeuokota.

"Kumbe ulikuwa unahesabu," alisema. "Siku zote hizo, mama. Mimi nilidhani wewe una habari zake ambazo hutaki kuniambia. Nilidhani unajua."

"Sikujua kitu."

Msichana alishuka pale mlangoni taratibu mpaka akakaa chini, na kilio kikamtoka. Hakuwa amemlilia kaka yake hata siku moja, kwa sababu huwezi kumlilia mtu aliyepo. Kilikuwa kimekaa miaka mitatu na nusu, na kilitoka chote.

Kilio hakina wigo. Hildegardi hakuja moja kwa moja. Aliingia kwanza ndani kwake. Aliporudi alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na kuni alizokuwa anachanja alikuwa amezibeba kichwani, mzigo mzima. Alizitua uani kwa Kunigunda. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, Mama Augustino," alisema. "Pole sana."

Miaka yote ile hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno hilo. Hawakuwa wanyimivu; halikuwa na mahali pa kusemewa. Ungempaje pole mwanamke ambaye fundi wake yupo? Kunigunda alitaka kusema nimeshapoa, kama anavyojibu mtu mzima mwenye adabu, ikamshinda. Aliinamisha kichwa kwenye bega la Hildegardi akalia pamoja na binti yake, na ilimjia raha ya ajabu katika kulia kule, raha ambayo asingeweza kumweleza mtu yeyote.

Kabla ya saa sita ua ulikuwa umejaa. Wanawake wa jumuiya walikuja na unga, na maharage, na sufuria za kigango zilizoandikwa rangi nyekundu. Mmoja alianza wimbo na wengine wakamfuata sauti zao. Wanaume hawakukaa na wanawake. Waliingia kwenye ile nyumba isiyo na paa, wakaketi juu ya matofali yaliyobaki, wakiwa wamevua kofia. Hakuna aliyekuwa ametangaza msiba. Lakini neno lilikuwa limesemwa, na Lundo inajua cha kufanya neno hilo likisemwa.

Eunice alikuwa bado yuko kwenye mkeka na kishikwambi chake mapajani, anaogopa kuinuka, ndipo Mzee Tadei alipomjia. Alikuwa amezeeka tangu juzi. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mtu mwenye jambo moja la kusema.

"Binti, hiyo mashine bado ina moto?"

"Bado inao, mzee."

"Ukimaliza hapa upite kwangu." Alikohoa. "Waashi wawili uliowaandika. Mimi siwezi kuyasema mbele ya watu. Upite jikoni, mama yao atakuambia."

Baada yake akaja mwingine, kisha mwingine, na kila mmoja alisema kwa sauti ya chini na kutazama pembeni. Walikuwepo pia waliokataa. Mama yule wa fundi bomba alitangaza kwa nguvu kwamba wa kwake yupo na atakayesema vinginevyo amtafute, na hakuna aliyemtafuta. Mpaka jua linainama Eunice alikuwa amerekebisha kaya kumi na tisa. Kama zingetosha kukirudisha chuo ziwani, hakujua, na hakuahidi. Alisema tu kwamba atazituma kama zilivyo.

Kunigunda alikuwa ameketishwa ndani, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa kama ya mfiwa. Kupitia dirishani alimwona Stella. Msichana alikuwa amejifunga kanga ya mama yake, anagawa maji ya kunawa, macho yamevimba, anaitikia pole za watu mmoja mmoja. Simu yake ikaita. Aliweka jagi chini, akajisogeza karibu na dirisha ili asikie vizuri.

"Emiliana, sitakuja," alisema. "Hapana, siyo Jumatatu wala lini. Msinisubiri." Akasikiliza. "Tuna msiba nyumbani. Kaka amefariki."

Kunigunda alifungua mdomo. Alitaka kumwita, amrekebishe, amwambie kwamba hakusema hivyo, kwamba alisema hayupo tu, na kwenye kishikwambi waliweka haijulikani. Binti alikuwa amekwisha kuikata simu. Alikuwa ameinama anaokota jagi, anaulizia kama kuna mtu mwingine ambaye hajanawa. Mama yake alifunga mdomo, akaegemea ukuta, akawaacha wanawake waendelee kumwimbia mwanawe wimbo wa maziko.